Ukuta Wenye Upande Mmoja

Lori liliniteremsha mbele ya ghala ambalo mlango wake ulikuwa ukizibwa, na mtu wa kwanza niliyemsalimu katika mji ule hakuweza kunijibu kwa sababu alikuwa ameuma utepe wa gundi kwa meno. Aliinua kidole: ngoja. Akaubandika utepe kwenye ufa kati ya mlango na fremu, akaupitishia kidole gumba kutoka juu hadi chini, polepole, huku amefumba macho, kama anayesikiliza kwa ngozi. Kisha akageuka.

"Habari za safari?"

"Nzuri. Nimeambiwa hapa kuna vyumba vya kupanga."

"Vipo. Usiegemee hapo."

Nilijiondoa haraka. Juu ya mlango kulikuwa na karatasi yenye picha ya fuvu la kichwa. Mwanamume mwenye tumbo la kuheshimika alitokea uani akinyoosha mkono kabla hajanifikia, akaniona ninaitazama ile picha.

"Usimjali huyo," akasema. "Ni mpangaji aliyetangulia. Hakulipa."

Ndiye mwenye ghala. Mjini walimwita Redio, kwa kuwa chochote alichokisikia asubuhi lazima akitangaze mpaka jioni. Mwanamke mwenye utepe alikuwa shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake, na yeye walimwita Mama Moshi, ingawa dawa anayoitumia haina moshi hata chembe. Kazi yake ni kufukiza maghala. Fukusi wanapoingia katika magunia ya mahindi, yeye huitwa. Huziba jengo zima, huweka vidonge ndani, na vidonge vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi. Siku kadhaa baadaye hufungua, na hakuna kitu kinachotambaa.

"Na mtu je?" niliuliza.

"Gesi haichagui," alisema. "Haisomi vitambulisho."

Lori langu lilikuwa limekwenda gereji kwa ugonjwa wa gia, na dereva alikwisha kuniambia, kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya, nisihesabu siku. Basi nikachukua chumba ng'ambo ya ua, mbali na ghala, nikatoa kiti nje. Mimi ni mtu wa kupita. Miji mingi nimeijua kwa kukwama ndani yake.

Kutoka pale nililiona jengo lote. Ghala lilikuwa refu, la matofali, na mwisho wake, chini ya paa lile lile la mabati, kulikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa chuma na dirisha la kioo lenye nondo. Mbele yake aliketi bibi mwembamba aliyevaa vizuri kama mtu anayekwenda kusafiri, na mfuko miguuni. Huyo ndiye mama yake Redio, mama mkwe wa Mama Moshi. Masikio yalikwisha kumtupa mkono, akawa anasoma midomo ya watu. Ukizungumza mbele yake, hata kwa kunong'ona, ni kama umempigia kelele. Alikuwa akisubiri kuvushwa barabara, akalale kwa fundi cherehani mpaka kazi iishe.

Redio alileta chai. Mama Moshi alikuwa akijaza mchanga katika mifuko mirefu myembamba ya turubai. Mifuko hiyo waliiita nyoka. Hulazwa chini ya mlango, mahali ambapo utepe haushiki.

"Mgeni, wewe umetembea," Redio alianza. "Hebu msaidie shemeji yangu. Nimesikiliza leo, wataalamu wanasema ulimwengu wote ni kitu kilichofungwa. Hakiingii kitu, hakitoki kitu. Vilivyomo ni hivyo hivyo tangu mwanzo, vinageuka tu sura. Yeye anabisha."

"Sibishi. Nimeuliza nani aliyeuziba."

"Hakuna aliyeuziba. Hauna nje."

"Shemeji, mimi kila nilichowahi kukiziba kina nje. Ninapoziba ninasimama wapi? Nje. Ukuta wenye upande mmoja niletee niuone, nitakuziba ghala bure."

"Ndiyo shida ya fundi. Unafikiria ukuta. Hakuna ukuta!"

"Basi kama hakuna ukuta, uko wazi."

"Hauko wazi, maana hakuna pa kutokea."

"Haya. Umefungwa bila ukuta, na hauko wazi bila mlango. Kunywa chai, itakupoa."

Nilicheka, nikasema kwamba wenye elimu hiyo wenyewe bado wanavutana. Nimeyasikia mabishano hayo katika treni na katika vyumba vya kusubiri, kwa lugha tofauti, na kila mara yalifika mahali pale pale: ukisema umefungwa, mtu anakuuliza kuna nini nje, ukisema uko wazi, anakuuliza unavuja kwenda wapi.

Mama Moshi alikaza fundo la nyoka wake. "Mimi ninachojua ni hiki. Nimeziba maghala tangu nilipoolewa, na halijapata kutokea moja likazibika kabisa. Kitu huvuja tu. Tena afadhali. Ghala likifungika, wanaokufa ni wadudu. Na ulimwengu ukifungika, wadudu ni nani?"

Redio akajimiminia chai nyingine.

Niliuliza kazi ikishakwisha inakuwaje. "Tunafungua," alisema Mama Moshi. "Milango, madirisha, yote, hata ya chumba kile. Upepo upite mpaka harufu yote itoke." Alisema hivyo akielekeza kidevu kwenye dirisha lenye nondo, na uso wake ulikuwa umeelekea kwa bibi. Bibi alikuwa akitutazama. Sikulitilia maanani.

Mama Moshi alikuwa na maisha ya barabarani kama yangu, ila yake yalikuwa na kazi ndani yake. Alianza akiwa msichana wa kupepeta nafaka kinuni. Mfukizaji mmoja akaja kuziba kinu, akampa ashike ngazi. "Nikashika ngazi mpaka ndoa," alisema. Toka hapo walizunguka wawili, mji hadi mji, na gari lao dogo la mizigo, na kazi waliigawana, kwa maneno yake, hivi: "Juu kwake, chini kwangu." Mume alipanda kuziba mabati, matundu ya hewa na kona za dari. Mke aliziba milango, nyufa na mifereji. Hawakuwahi kubadilishana. Kila mmoja aliuamini mkono wa mwenzake kiasi kwamba hakuinua wala kuinamisha macho kuukagua. Walipokuja hapa walilala katika chumba kile cha mwisho, kwa mama. Humo ndimo mume alimougulia mwaka uliopita, na humo ndimo alimofia.

Ghala hili alikuwa hajaliziba peke yake hata mara moja. Juu na chini, yote sasa yalikuwa yake.

Bibi alivushwa barabara, Redio akimshika mkono. Mama Moshi alivaa barakoa ya gesi, ile yenye kichujio kama kopo mdomoni, akaingia na makopo ya vidonge. Tulimwona kupitia mlango uliobaki nusu: anaweka sahani moja kati ya magunia, anarudi kinyumenyume, anaweka nyingine. Hakukimbia. Vidonge huwa na subira kabla ya kuanza kutoa gesi. Alitoka, akausukuma mlango, akalaza nyoka, akabandika utepe wa mwisho, akafumba macho na kupitisha kidole gumba.

"Sasa ni la Mungu na fukusi," alisema.

Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa pili wa paa nilipomwona fundi cherehani akivuka barabara, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Redio, mama yako mmemchukua?"

"Tumchukue wapi? Si yuko kwako?"

"Alisema anakwenda msalani."

Mama Moshi alikuwa amekwisha simama. Alivuka ua kwa hatua ambazo hazikuwa mbio lakini sikuweza kuzifuata. Kiti mbele ya chumba cha mwisho kilikuwa kitupu na mfuko wa safari haukuwapo. Akausukuma mlango wa chuma. Umefungwa, komeo limepigwa kwa ndani. Akapiga magoti, akaweka pua kwenye tundu la ufunguo.

Akakaa hivyo kitambo. Alipoinua uso ulikuwa umepoteza rangi.

"Kitunguu saumu," alisema.

Hiyo ndiyo harufu ya gesi ile. Ilipaswa kuwa ghalani peke yake.

Redio aliuvamia mlango kwa ngumi. "Mama! Mama, fungua!"

"Hakusikii. Acha."

"Nitauvunja!"

"Huu? Uliuweka wewe mwenyewe ili wezi washindwe. Kalete nyundo uvunje kioo, lakini usikiguse mpaka nikwambie."

"Kwa nini nisikivunje sasa hivi?"

"Kwa sababu ukikivunja atakimbilia kona ya ndani kujificha. Kona ya ndani ndiyo inayogusana na ghala. Na hatatutazama tena, na asipotutazama hatatusikia." Alikwisha kufika dirishani. "Nikiinua mkono, vunja."

Kioo kilikuwa kimefungwa kabisa, na kwa ndani, pembeni mwa fremu, palikuwa pamesokomezwa vitambaa: vipande vya khanga vilivyokunjwa vizuri, kimoja baada ya kingine, kila mahali ambapo upepo ungeweza kupita. Ilikuwa kazi ya muda mrefu na ya mikono yenye subira. Mfukizaji mwenyewe asingeziba vizuri zaidi. Nyuma ya kioo bibi aliketi kitandani, mfuko mapajani, akitutazama kama watu waliokuja kudai.

Mama Moshi alibandika uso kwenye nondo. Alisema polepole, akiunda kila neno kwa midomo. "Mama. Dawa imeingia humo. Toka."

Bibi alijibu kwa sauti ya juu, kama viziwi wanavyofanya, lakini kupitia kioo ilitufikia imepungua. "Hakuna harufu!"

"Pua yako imeizoea. Toka, Mama."

"Nilikuona! Nilikuona ukisema utafungua dirisha hili. Hiyo dawa ni kisingizio. Miaka yote mnafukiza, haijawahi kuingia humu!"

Akakohoa. Akaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba kikohozi ni siri. Redio alinyanyua nyundo. Mkono wa Mama Moshi ulibaki chini.

"Haijawahi," alisema. "Kwa sababu mwanao aliziba. Huko juu." Akaonyesha dari. "Kuna mahali alipajua yeye tu. Mimi sipajui. Mimi nilikuwa wa chini. Leo sikupaziba, Mama. Nimekosea."

Bibi alitazama dari. Mbao za dari zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, hazikusema kitu. Alipomrudishia macho mkwe wake, sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilibidi nisogee karibu kuisikia.

"Ukifungua atatoka."

Hapo ndipo nilipoelewa vile vitambaa. Nguo za marehemu zilikuwa zimetundikwa nyuma ya kitanda, na mto wake ulikuwa juu ya mto wa mama. Tangu siku aliyofariki dirisha halikuwahi kufunguliwa. Alichobaki nacho bibi cha mwanawe ni hewa aliyoipumua, harufu yake, na aliilinda kama mtu anavyolinda moto usizimike.

"Atatoka," alirudia. "Humu bado yumo. Ukifungua atakwenda."

Nilimtazama Mama Moshi. Mkono wake ulianza kupanda, nikajua umefika wakati wa kioo. Kisha ukashuka tena, akashika nondo.

"Atakwenda wapi?" alisema.

"Nje!"

"Hakuna nje, Mama. Ulimwengu umefungwa. Kila kilichomo kimo. Kikitoka chumbani kimo uani, kikitoka uani kimo barabarani. Hakuna kinachotoka moja kwa moja. Hakuna pa kutokea."

"Nani kasema?"

"Mwanao huyu hapa. Muulize."

Bibi akahamisha macho kwa Redio. Yule mtu ambaye tangu asubuhi hakunyamaza alisimama na nyundo mkononi, mdomo wazi, na midomo yake ikakataa kuunda neno. Mama yake alingoja. Akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu, akajishika kichwa.

"Sema naye," Mama Moshi alisema bila kugeuka. "Sema, shemeji, kama ulivyosema kwenye chai."

"Kweli, Mama," Redio alisema. "Wataalamu wamesema. Hauna nje."

Bibi alibaki ameketi. Niliona vidole vyake vikitafuta kitu kwenye mto wa juu, vikaukunja, vikauachia. Kisha akasimama, akayumba, akashika ukuta. Akapotea machoni petu, maana mlango haukuonekana kutoka dirishani. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto.

Komeo likasogea.

Redio alimbeba mama yake kama mtoto, na fundi cherehani alikwisha kusimamisha gari barabarani. Zahanati walimlaza, wakamtazama, wakasema ana bahati. Ni kichwa na kichefuchefu, apumzike. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule Mama Moshi alivaa barakoa, akaingia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta vitambaa. Hakuvirarua. Alivitoa kimoja kimoja, akaviweka kitandani kwa mpangilio wake, akafungua dirisha wazi.

Aliniamuru nisogee mbali, nikasogea, lakini harufu ilinifikia: kitunguu saumu kilichooza, kali. Nyuma yake ikaja harufu nyingine, hafifu, ya mafuta ya nywele, jasho la zamani na sabuni ya mche. Kwangu ilikuwa harufu ya mtu nisiyemjua. Ikapita, ikavuka ua, ikapanda barabarani pamoja na vumbi. Mama Moshi alikuwa nyuma ya kichujio chake, hakuinusa.

Aliniomba nimletee ngazi ya Redio kutoka ua wa pili. Akapanda mle chumbani, akasukuma ubao wa dari, kichwa na mabega vikapotea. Gesi ilikuwa bado inapita huko. Nilisimama uani, mbali kidogo na mlango uliokuwa wazi, nikihesabu pumzi zangu mwenyewe nisijue kwa nini. Tochi yake ilizunguka kidogo, ikatulia mahali pamoja kwa muda mrefu.

Alinieleza aliposhuka, barakoa mkononi, uso una alama ya mpira kuzunguka mashavu. Ukuta kati ya ghala na chumba haukufika kwenye bati. Aliyejenga alikosa matofali, au alichoka. Akaacha nafasi ya viganja viwili, akaficha kwa dari. Na juu ya ukuta ule, kwenye boriti, palikuwa na gundi. Gundi juu ya gundi, tabaka za miaka, nyingine imekuwa ya kahawia na ngumu kama kucha. Kila mwaka marehemu alipanda pale, akaziba, na kazi ilipokwisha akabandua nailoni aliyozibia, akashuka.

"Hakusema hata siku moja," alisema. "Alidhani naona. Na mimi nilidhani hakuna la kuona."

Nailoni mpya ilikuwa imekaa mahali pake sasa. Alikuwa ameibandika juu ya gundi ya mumewe, kwa sababu hapakuwa na sehemu nyingine safi.

Siku za kungoja zilipita. Redio alitembea na kuzungumza tena, lakini habari za ulimwengu hakuzigusa. Siku ya kufungua, milango yote iliachwa wazi na upepo ukapita ghalani toka mwanzo hadi mwisho. Bibi alirudi, akaingia chumbani kwake, akasimama katikati akivuta hewa kwa pua. Alichukua vile vitambaa kitandani, akavitia katika beseni, akavifua.

Kesho yake asubuhi Mama Moshi alipakia gari. Nilimsaidia kufunga nyoka kwa kamba.

"Unaliamini lile ulilomwambia?" nilimuuliza.

"Lipi? La kwamba umefungwa?" Akavuta fundo. "Nikiamini, basi hata ile dawa niliyoitoa jana haijakwenda popote, tunaivuta wote. Nisipoamini, nimemdanganya mama mkwe wangu mchana kweupe, mbele ya shahidi mpita njia."

"Sasa?"

"Sasa nina ghala lingine linaningoja, tena lile lina dari." Akatikisa mzigo kuona kama unacheza. "Nitapanda niangalie. Kisha nitapanda tena."

Redio alitoka ameibeba ngazi begani. "Shemeji, chukua. Nitanunua nyingine."

"Hiyo ni ya kwako, shemeji. Huna hata kiti kisichoyumba, utagawa ngazi?"

"Chukua, nimesema. Mama ameniambia."

Bibi alikuwa dirishani, mikono juu ya nondo, vitambaa vimeanikwa kwenye kamba mbele yake. "Mwakani ukija," alisema kwa ile sauti yake ya juu, "uanzie huku kwangu. Juu kwanza."

Mama Moshi alimkaribia, akapiga goti kidogo kama mkwe anavyopaswa, akaushika mkono wake kupitia nondo. Kisha ngazi ikafungwa juu ya gari, ikipita mbele na nyuma kama pembe, na injini ikakohoa.

Gari lilipofika barabarani Mama Moshi alitoa kichwa kwenye dirisha la gari akasema neno, lakini alikuwa ametupa kisogo na vumbi lilikwisha kupanda. Bibi alinigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile cha siku ya kwanza. Lori langu lilikuwa bado gereji.

"Amesema nini?"

Nilisimama mbele ya dirisha, nikauelekeza uso wangu kwake, nikasema polepole ili aone.

"Amesema usifunge."

Aliitazama barabara. Gari lilikuwa limekwisha kata kona. Aliacha dirisha kama lilivyo, akarudi ndani, na nikamsikia akiburuta kitanda kukisogeza mbali na ukuta wa ghala.